Gogo Lililoanza Kuoza

Harufu ndiyo iliyomsimamisha. Naetwe Mrindoko alikuwa ameshalipita gogo lile hatua kumi hivi, mkoba wa vipimo begani, akili yake ikiwa kwenye chai aliyoiacha jikoni. Akasimama. Akarudi nyuma, akapiga magoti kwenye ukungu, akalinusa gogo kama mtu anavyonusa nguo ya mtoto.

Lilikuwa linaoza.

Katika msitu huu wa Shengena, juu kabisa ya milima ya Upare, hakuna gogo lililokuwa limeoza kwa miaka kumi na minne. Miti ilikufa, ikaanguka, ikabaki vilevile ilivyoanguka. Magogo yalilaliana, magumu, ya kijivu, mengine yakiwa bado na magome yake, na kati yake miche ya mikulo, miti mikubwa ya msitu huu, ilichipua majani mawili, ikageuka manjano, ikafa. Udongo ulikuwa haupokei tena chochote kutoka kwa wafu wake. Naetwe aliijua sababu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa sababu hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe.

Aliingiza kidole gumba kwenye ubavu wa gogo. Kilizama mpaka kwenye kiungo. Ndani mti ulikuwa mweupe, laini, wenye majimaji, na ulimeguka kama samaki aliyeiva. Naetwe akacheka kwa sauti, na sauti yake ikamshtua. Ukiacha taarifa za redioni, alikuwa hajafungua mdomo tangu Jumanne ya wiki iliyopita.

Akainama kutazama chini ya gogo. Kwenye kivuli kulikuwa na vichwa vya uyoga kumi na viwili, vidogo kama vifungo vya shati, bado vimefumba.

Sheria ya Idara, mwajiri wake, ilikuwa fupi. Atakayekuta mti unaooza atoe taarifa siku hiyohiyo, na mti huo uchomwe kesho yake. Sheria hiyo nayo aliiandika yeye. Alitoa kisu chake mkobani, akakata vile vichwa kumi na viwili kimoja kimoja, akavitia kwenye chupa na kuifunga. Jioni, alipoketi mbele ya redio kutoa taarifa ya siku, alisema, "Kituo cha Shengena. Hakuna jipya."

*

Watu wa siku zile walikuwa na sababu. Saruji ilipopigwa marufuku kwa ajili ya moshi wa matanuri yake, nchi nzima ilirudi kwenye mbao, na mbao huoza. Kinachoziozesha ni kuvu. Uyoga tunaouona ni tunda lake tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zinazopenya ndani ya mti zikitema mate yanayoyeyusha gundi iliyoushikilia. Naetwe alikuwa na miaka thelathini na saba alipomtengeneza bakteria anayekula ncha za nyuzi hizo. Wakamwita Mlinzi. Nguzo ikipakwa Mlinzi mara moja, haikuguswa tena na kuvu. Mji wa Mbaoni, kule chini tambarare, wenye mitaa thelathini na mitatu ya maghorofa ya mbao, ulisimama kwa kazi ya mdudu huyo asiyeonekana kwa macho.

Hakuna aliyewaza kwamba wapasua mbao wangempandisha mlimani kwa viatu vyao.

Sasa Naetwe aliweka kipande cha gogo chini ya hadubini, na akakaa hapo mpaka shingo ikamuuma. Mlinzi alikuwepo, tele, mnene kama punje ya mchele, akiuzingira uzi wa kuvu kila upande. Lakini uzi ule ulikuwa umevaa kitu. Bakteria wengine, wadogo, wa mviringo, walikuwa wameukandika kutoka mwanzo hadi mwisho kama udongo kwenye ukuta wa fito. Mlinzi aligusa, akarudi nyuma. Aligusa tena, akarudi. Na juu ya uzi huohuo, katika utando mwembamba wa maji, wadogo wale walikuwa safarini, wakiteleza mmoja nyuma ya mwingine kuelekea katikati ya mti, mahali ambapo bila uzi wasingefika maisha yao yote.

Alijaribu kila njia. Aliiweka kuvu kwenye sahani pamoja na Mlinzi, bila wale wadogo. Kwa siku tatu Mlinzi akaimaliza. Aliwaweka bakteria wale wadogo peke yao juu ya ubao. Wakafa njaa, maana hawakuwa na uwezo wa kuupasua mti. Alipowaweka pamoja, ubao ulilainika. Akaelewa. Mti una sukari nyingi na nitrojeni kiduchu, na bila nitrojeni kuvu hudumaa. Wadogo wale waliivuta nitrojeni hewani wakailisha kuvu. Nayo kuvu iliufungua mti, na wao wakala sukari iliyomwagika.

Hata hivyo hawakuwa marafiki. Sukari ilipopungua, bakteria waliutafuna uzi uleule uliowabeba. Uzi nao ulitema asidi ukawaua kwa maelfu. Kisha wakaendelea, wote wawili, kama hakuna kilichotokea.

Kila asubuhi alishuka gogoni na kisu. Siku moja alikata vichwa nane, siku nyingine ishirini na vitatu. Alivichemsha kwenye sufuria mpaka vikawa uji, asiache hata chembe moja ya unga wake, unaobeba mbegu za kuvu na wale wadogo, kupata upepo. Na kila jioni alisema redioni kwamba hakuna jipya.

*

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mtu alipiga hodi.

Alikuwa Kiangi, mkuu wa Idara, mzee wa miaka sitini na mmoja aliyepanda mlima peke yake akiwa na mtungi wa gesi mgongoni na bomba la moto mkononi. Alikuwa rafiki wa Mbonea, marehemu mume wa Naetwe. Hao watatu ndio walioanza kazi ya Mlinzi.

"Karibu, shemeji," Naetwe alisema. "Umepanda na magoti hayo?"

"Ningepanda na nini? Ndiyo niliyo nayo." Kiangi aliutua mtungi, akaketi kizingitini, akahema kwa muda. "Gogo la mia nne na sita linapumua. Vipimo vyako vinafika kwangu pia, Mama Nakiete. Hewa ukaa imepanda siku kumi mfululizo. Siku za kwanza nikasema kipimo ni kibovu. Baadaye nikasema, shemeji si mtu wa kuacha kipimo kibovu siku kumi."

Naetwe hakujitetea. Alimpa chai, kisha akamkalisha mbele ya hadubini. Kiangi alitazama muda mrefu. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Mbonea angefurahi sana," alisema. Kisha akasema, "Tulichome."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Uyoga mmoja ukikuponyoka, ukafunguka, unga wake utafika Mbaoni kwa upepo wa msimu mmoja. Nguzo zitachukua muda gani?"

"Upande wa mvua, miaka saba. Upande mkavu, kumi na miwili. Nimepima."

"Na Nakiete anakaa wapi?"

"Mtaa wa Tisa, ghorofa ya nne. Unauliza nini? Wewe ndiye uliyembebea kabati."

"Nataka uutaje kwa mdomo wako."

Naetwe alikwenda dirishani. Nje magogo yalilala mpaka ukungu ulipoyameza. "Tukilichoma," alisema, "chemchemi zilizobaki ni tatu. Zilikuwa kumi na moja. Udongo huu haunyonyi tena maji, shemeji, mvua inanyesha inateremka yote kama kwenye bati. Miaka ishirini, msitu huu ni kuni. Huko Mbaoni watakuwa na nyumba nzima, zilizonyooka, na hawatakuwa na maji ya kumpa mtoto."

"Miaka ishirini ni mingi."

"Mjukuu wangu atakuwa na ishirini na miezi saba."

Kiangi alilizungusha bomba la moto mapajani mwake.

"Basi unataka kuliachia," alisema.

"Nilitaka. Siku hizi zote nilikuwa nataka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kesho siendi na kisu." Aligeuka. "Halafu nikakumbuka ile siku ya kwanza. Mimi, wewe na Mbonea, mezani, tunakunywa chai. Tukasema, kesho tumpake kwenye nguzo tuone. Tulimuuliza nani?"

"Watu walikuwa wanaangukiwa na mapaa. Tulikuwa sahihi."

"Tulikuwa watatu."

Naetwe akamwambia alichotaka: aende Mbaoni, aitishe kikao kila mtaa, awaambie yote bila kuficha, na kila mtaa utume mtu mmoja apande kuliona gogo. Watakaloamua, ndilo litakalofanyika. Wakisema lichomwe, atalichoma yeye mwenyewe, na sahani zote za maabara atazitia motoni.

"Watapanda na mawe," Kiangi alisema.

"Huku hakuna upungufu wa mawe. Waje mikono mitupu, wasijichoshe."

Mzee yule alitikisa kichwa, karibu acheke. Alimpa wiki tatu. Alipoondoka aliuacha mtungi wa gesi mlangoni, na Naetwe akalazimika kuuruka kila alipotoka na kuingia.

*

Alimpigia Nakiete kabla Kiangi hajafika chini. Hakutaka binti yake alisikie jambo hili kikaoni, amesimama katikati ya majirani. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya mwamba nyuma ya kituo, na ilimbidi asimame upande upande kama anayechungulia.

"Shikamoo Mama. Uko salama? Hupigi siku za kazi."

"Marahaba mwanangu. Niko salama. Namkunda hajambo?"

"Hajambo, ameota jino. Mama, nini?"

Akamweleza. Alieleza kama alivyozoea kueleza ripoti, kwa mpangilio, na alipomaliza alisikia tu kitoto kikigonga kijiko mahali fulani.

"Kwa hiyo nyumba yangu itaoza," Nakiete alisema.

"Ikiwa watu wataamua..."

"Mama. Nyumba yangu itaoza na mimi nimo ndani."

"Miaka saba si kesho. Mtapata muda wa kujenga nyingine."

"Kwa kitu gani? Kwa saruji gani? Tulikuja kuishi hapa kwa sababu wewe ulisema haitaoza milele. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, ulisimama jukwaani na gauni la kijani, ukasema milele. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma."

"Nilikosea."

"Kosea basi mara moja," Nakiete alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Lichome, Mama. Lichome leo, usimwambie mtu, na mimi sitakuuliza tena maisha yangu yote. Nitakuja huko kila mwezi. Nitamleta mtoto. Hutakaa peke yako tena."

Upepo ulipita juu ya mwamba. Ilikuwa miaka minne tangu Nakiete apande Shengena, tangu mazishi ya baba yake, na Naetwe alikuwa anamjua mtoto kwa picha tu. Alifumba macho akaliona jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi: dakika kumi za moto.

"Siwezi," alisema.

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao. Alisubiri pale juu mpaka baridi ikamteremsha.

*

Walipanda siku ya ishirini na moja tangu Kiangi ashuke, watu thelathini na watatu, Kiangi akiwaongoza, kutoka mahali barabara inapoishia. Walifika wametapakaa matope, wengi hawajawahi kuingia msituni. Hawakubeba mawe. Walitembea katikati ya magogo kimya kimya, wakiyagusa, na mwanamke mmoja alimuuliza Naetwe kama ni kweli ile miti yote imekufa, maana ilionekana kama imelala.

Wa mwisho kufika alikuwa Nakiete, mtoto mgongoni.

"Nimetumwa na mtaa," alisema kabla mama yake hajafungua mdomo. "Nimetumwa niseme tuchome. Lakini hata nisingetumwa ningesema hivyohivyo."

"Sawa," Naetwe alisema. "Umekula?"

"Nimekula."

Naetwe aliwapeleka wote gogoni, Kiangi akifuata na mtungi wake. Aliwaonyesha nyuzi nyeupe, akawaambia habari za wale bakteria wadogo, na jinsi kila mmoja anavyokufa akiwa peke yake. Aliwaambia idadi ya miaka ya nguzo na idadi ya miaka ya chemchemi. Hakupamba. Waliuliza maswali kwa saa mbili. Nyumba zitaanguka ghafla? Hapana, zitalainika, zitalia kwanza, mtasikia. Rangi itasaidia? Itachelewesha. Je, unaweza kutengeneza Mlinzi mwingine wa kumshinda huyu?

"Naweza kujaribu," Naetwe alisema. "Huyo mwingine atafanya nini akifika mlimani, sijui. Hata wa kwanza sikujua."

Kijana wa Mtaa wa Ishirini alimtukana. Alisema mama huyu alitupatia nyumba kwa sifa na sasa anatunyang'anya kwa huruma ya uyoga. Kiangi akanyanyuka kumkemea, Naetwe akamzuia. Kijana hakuwa amesema uongo.

Ndipo aliposimama Mzee Ndaskoi wa Mtaa wa Pili. Alikuwa fundi mwashi tangu zamani, enzi ya saruji, na kwa miaka mingi mikono yake haikuwa na kazi. Aliingiza mkono kwenye ubavu wa gogo, akautoa na konzi ya kile cheupe chenye majimaji, akakikamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Kwangu maji yanatoka Jumatano na Jumamosi," alisema. "Zamani yalikuwa yanatoka kila siku, tukasema ni bomba. Tukabadilisha bomba." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nyumba najua kujenga. Kwa mawe na udongo, tena bila saruji, baba yangu alinifundisha, na miaka saba inatosha kuwafundisha vijana wenu. Lakini chemchemi sijui inajengwaje. Kama kuna anayejua, aseme, na mimi nitasimama upande wa moto."

Hakuna aliyesema.

Kiangi alichora mstari kwenye matope kwa kisigino. Wanaotaka moto wasimame upande wa mtungi, wanaotaka gogo libaki wasimame upande wa gogo. Walichukua muda. Kuna waliosimama upande mmoja, wakarudi. Mwanamke aliyeuliza habari ya miti iliyolala alibaki juu ya mstari kabisa, analia, mpaka mwishowe akasogea. Kiangi akahesabu mara mbili. Upande wa gogo, kumi na tisa. Upande wa moto, kumi na wanne.

Nakiete alikuwa upande wa moto, mbele ya wote.

Hakuna aliyeshangilia. Kiangi aliunyanyua mtungi wake, akauvaa mgongoni, na watu wakaanza kuteremka ili wasikutwe na mvua njiani. Mzee Ndaskoi tayari alikuwa akiwaonyesha wawili wa kwao, kwa vidole hewani, upana wa msingi wa mawe.

Nakiete alimfungua mtoto mgongoni, akampa mama yake bila kusema kitu. Naetwe alimpakata. Namkunda alikuwa mzito kuliko picha, na alimtazama bibi yake kwa makini, kisha akamshika pua. Ilikuwa dakika mbili, labda tatu. Halafu Nakiete akanyoosha mikono.

"Nimekuja kwa sababu nilitumwa," alisema akimfunga mtoto upya. "Usifikirie ni zaidi ya hapo."

"Sifikirii."

"Ungeweza kulichoma siku ile. Nilikuomba."

"Uliniomba," Naetwe alisema. "Nilikusikia."

Binti yake alifunga fundo la kanga, akalikaza, akashuka. Naetwe alisimama mpaka mgongo wa mwisho ulipopotea kwenye ukungu, na hata baada ya hapo.

*

Kesho yake asubuhi alishuka gogoni bila kisu. Vichwa vya uyoga vilikuwa thelathini na kitu, na vinne vya mbele vilikuwa vimekwishatandaza kofia zake usiku. Alikaa juu ya jiwe akatazama. Jua lilipopenya kati ya matawi makavu, aliuona unga ukidondoka kutoka chini ya kofia, hafifu, kama pumzi ya mtu kwenye baridi. Upepo mdogo ukaja kutoka upande wa juu. Unga ukainuka, ukageuka, ukaenda zake kuelekea tambarare.

Alipanda kwenye mwamba nyuma ya kituo akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alikubali kuacha ujumbe, na alisubiri mlio, akauweka mdomo karibu.

"Nakiete, ni mama. Unga wa uyoga umeruka leo, saa moja na robo asubuhi. Nimetaka wewe ujue kabla ya Idara, kabla ya mtu yeyote. Hesabu kuanzia leo." Akatafuta kama kuna lingine, akihofia mashine ingemkatia. "Ukuta wenu wa upande wa mvua ndio utakaotangulia. Kitanda cha mtoto kihamishe."